Nilimnyang'anya Baba Koleo Mbele ya Wapiga Kura

Barua hii ilinifikia majira ya machipuko, uchaguzi wa serikali ya jimbo ukiwa mlangoni, na mwandishi wake hakuwa na nafasi ya kungoja gazeti. Nilimjibu kwanza kwa posta. Sasa ameniruhusu nichape yote, hata jina lake ameniambia nisilifiche, kwani bonde zima linamjua.

*

Kwako Bi Gwenda, mshauri wetu tunayekupenda,

Naomba unishike mkono kwa jambo hili maana nimelibeba tangu majira ya baridi na mabega yamechoka. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya wazazi hapa shule ya msingi ya Kurrabin, shule ndogo tu, zamani ilikuwa na madarasa manne, sasa yamebaki mawili kwa sababu kiwanda cha mbao kilipofungwa watu walihama, na kama ujuavyo shule yetu ndiyo kituo cha kupigia kura, kwa hiyo kila uchaguzi ukifika sisi wazazi tunaweka meza ya keki na jiko la soseji pale uani, watu wanapiga kura wanatoka wanakula, au wanakula kwanza ndipo wanaingia, na tunachopata kinalipia basi la kuwapeleka watoto mjini kujifunza kuogelea, maana hapa tuna mto na kila shamba lina lambo lake la maji lakini bwawa la kuogelea hatuna, na mtoto asiyejua kuogelea hapa kwetu ni msiba unaongoja siku yake.

Mpishi wa soseji ni baba yangu, Lindsay Tranter, na sisemi ni mpishi wa juzi, maana mimi mwenyewe nilikuwa mwanafunzi wa shule hiyohiyo na yeye alikuwa tayari yuko kwenye jiko lile. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kiwandani, kwenye msumeno mkubwa, mpaka serikali iliposema misitu haikatwi tena na lango likafungwa kwa mnyororo. Yeye alikuwa karibu kustaafu, lakini kaka yangu Craig alikuwa bado kijana mwenye familia, akachukua mke na watoto akaenda kwenye machimbo kule magharibi, mbali kiasi kwamba sisi tukila chakula cha jioni wao bado wako kazini, na tangu hapo Baba anawaona wajukuu zake kwenye simu tu, anawauliza hali ya hewa, nao wanamwambia jua, basi, mazungumzo yamekwisha.

Sasa siku ya uchaguzi wa taifa asubuhi kulikuwa na ile baridi ya kuuma masikio, ambayo kwetu ndiyo baridi nzuri maana harufu ya vitunguu inawatoa watu kwenye magari yao wenyewe bila kuitwa, mstari ukawa mrefu, Trudi wa kamati yuko kwenye keki, mimi napanga mikate, na Baba anageuza nyama huku anawatania watu kama kawaida yake, anamwambia huyu, "Umeshapiga kura? Uso wako unaonyesha umekosea," anamwambia yule, "Kula polepole bwana, hiyo soseji haikimbii," na watu wanacheka, na mimi nilikuwa nimefurahi kwa sababu tangu kiwanda kifungwe ni pale tu ndipo namwona Baba akiwa Baba.

Mara akaja Mheshimiwa Imogen Harcastle, mbunge wetu, ambaye chama chake ndicho kilichofunga misitu. Hakuja na kamera wala wapambe, alikuja peke yake na mwavuli wake, akapanga mstari kama mtu mwingine yeyote, na kadiri alivyokuwa anasogea ndivyo utani wa Baba ulivyokuwa unapungua, mpaka Mheshimiwa akafika mbele.

"Zimekwisha," Baba akasema bila kumtazama.

Mheshimiwa akaangalia bamba la jiko, limejaa tele, mafuta yanaruka. "Mbona naziona, mzee wangu?"

"Unaziona, lakini si zako. Hizi ni za watu wenye kazi. Ah, nimesahau, hao mliwamaliza."

Watu wakacheka, wengine wakaishia katikati ya kicheko. Mtu mmoja nyuma akasema, "Lindsay, mpe huyo mama chakula chake, sisi tuna njaa." Mheshimiwa akasema kwa upole kwamba amepanga mstari kama wengine na hela inaenda kwa watoto, haiendi kwa chama cha mtu. Baba akamjibu, "Panga tu. Sisi tulipanga mstari mlangoni pa kiwanda siku ya mwisho, mvua inatunyeshea, hukuja hata kutuambia poleni." Yule mama akawa mwekundu mpaka shingoni, lakini hakuondoka.

Nikamwambia Baba kwa sauti ya chini, "Mpe tu, yapite." Akasema, "Simpi." Nikamwambia, "Baba, hii meza si yako, ni ya watoto." Naye akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nilikuwa nageuza nyama hapa wakati wewe bado unafungwa nepi," na watu wakacheka tena, safari hii wananicheka mimi, na hapo Bi Gwenda sijui nini kilinipanda, nikamnyang'anya koleo la kugeuzia nyama mkononi, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wale wanaogawa vijikaratasi vya vyama langoni, "Kama huwezi kumhudumia kila mtu kaa pembeni, wanaoweza wafanye kazi." Nikachukua mkate, nikaweka soseji, nikaweka vitunguu, nikampa Mheshimiwa. Mtu akapiga makofi. Wengine wakafuata. Na mimi, nakuambia ukweli wangu, nikatabasamu.

Baba akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mtungi wa gesi. Akapita mlango wa ukumbi ambamo watu wanapiga kura, hakuingia, akapanda gari lake akaenda nyumbani. Hakupiga kura siku ile. Baba yangu, ambaye aliwahi kwenda kupiga kura mguu wake ukiwa kwenye plasta, na aliyetufundisha sisi watoto kwamba asiyepiga kura asilalamike hata bei ya maziwa ikipanda.

Tangu hapo haji kula kwangu Jumapili. Mama anakuja peke yake na sahani yake iliyofunikwa, anasema Baba ana kazi ya banda la kuku, na mimi najua kuku wenyewe ni wanne. Nikimtuma Mama aulize kama atapika uchaguzi huu unaokuja, majibu yanarudi, "Mwambie mwenyekiti mimi niko pembeni, kama alivyoagiza." Trudi anasema nilifanya vyema sana, nisirudi nyuma, tumtafute mpishi mwingine, na huyo mpishi mwingine ni Des wa kilabu cha mpira, mtu anayeunguza hata maji. Wazee waliokuwa kiwandani wameniambia Lindsay asipokuwepo wao watakula kwao. Mume wangu anasema mwache mzee, atapoa.

Swali langu ni hili. Nikienda kumwomba radhi, si nitakuwa nimekubali kwamba mtu anaweza kunyimwa chakula kwenye meza ya shule kwa ajili ya siasa zake, leo Mheshimiwa, kesho mzazi yeyote asiyependwa? Na nisipokwenda, baba yangu nitampataje? Nisaidie, uchaguzi unakuja na mimi sijui nisimame wapi.

Wako,
Narelle, Kurrabin

*

Narelle, mwanangu,

Nianze na lile unalotaka kulisikia, ulisikie tuendelee. Ulikuwa na haki. Meza ya shule siku ya kura haina chama. Ni mahali pamoja katika bonde hili ambapo aliyefunga msitu na aliyefukuzwa msituni wanapanga mstari mmoja na kuchafua mikono ya makoti yao kwa sosi ileile. Mwenye meza akianza kuchagua wa kumlisha, tumekwisha. Baba yako alikosea, na usidhani hajui. Mtu anayejiona hana kosa hajifungii na kuku wanne.

Umeshiba? Sasa kaa vizuri, nikuambie usilolitaka.

Soma tena maneno uliyomwambia. Kaa pembeni, wanaoweza wafanye kazi. Unajua ni wangapi walishamwambia hivyo kabla yako? Serikali ilimwambia kwa lugha ya ofisini. Kiwanda kilimwambia kwa mnyororo langoni. Kaka yako, maskini, bila kukusudia, alimwambia kwa kufunga mizigo. Mzee huyu alikuwa amebakiwa na mahali pamoja ambapo watu husimama kwenye baridi wakimngoja yeye, na hapo ndipo alipoambiwa tena, safari hii na mwanawe, mbele ya kadamnasi. Ulimi hauna mfupa, Narelle, lakini huvunja mfupa.

Na lile tabasamu. Sikukuuliza, umeliandika mwenyewe, kwa hiyo najua linakuchoma. Alikufanya uchekwe na watu kwa habari ya nepi, nawe ukalipiza. Koleo ulilichukua nusu kwa ajili ya watoto na nusu kwa ajili yako. Nusu ya watoto iache ilivyo, ni safi. Nusu yako ndiyo inayokukosesha raha, na ndiyo utakayomwomba radhi.

Unaona sasa kwamba swali lako lina fundo ulilolifunga mwenyewe? Unaogopa ukiomba radhi utaifuta kanuni. Mambo hayo mawili usiyatie chungu kimoja. Huombi radhi kwa sababu Mheshimiwa alikula. Unaomba radhi kwa sauti uliyoitumia. Ungeweza kumwambia, "Baba, nenda kaangalie gesi," ukamhudumia yule mama mwenyewe, mstari ukasogea, na leo mngekuwa mnacheka. Mabinti wenye akili wamewaondoa baba zao kwenye aibu kwa njia hiyo tangu dunia iumbwe.

Kura ambayo hakuipiga usiibebe. Miguu iliyompitisha mlangoni ilikuwa yake. Akikuletea mzigo huo, mrudishie kwa adabu.

Sasa wale washauri wengine. Mwambie Trudi auze keki. Ni rahisi kumwambia mtu asirudi nyuma kama si wewe utakayekula Jumapili na kiti kitupu. Mumeo anasema mzee atapoa. Mwambie watu wa umri ule hawapoi, wanaganda. Kuanzia hapo huhitaji subira tena, unahitaji nyundo. Na mama yako mpumzishe. Yeye si posta. Mwanamke aliyewalea nyote wawili, wewe na baba yako, hastahili kuvushwa barabara kila Jumapili na sahani na ujumbe.

Utafanya hivi. Utakwenda mwenyewe, mchana, wakati ana kazi mkononi, maana wanaume wa kiwandani huongea vizuri wakiwa na kitu cha kukitazama. Utasema, "Baba, nilikuaibisha mbele za watu, nisamehe." Utaishia hapo. Ukisikia neno "lakini" linakuja, liume. Ya Mheshimiwa usiyataje, atayataja mwenyewe.

Akishakujibu, vyovyote atakavyojibu, utamwomba arudi jikoni, kwa sababu unamhitaji na kwa sababu Des ataua watu. Lakini hutamrudisha kama zamani. Mpishi apike, mgawaji agawe. Yeye awe kwenye moto na mgongo wake kwa mstari, na wewe au mwingine mwenye uso mkunjufu awe mezani anapokea watu. Hakuna mpishi anayepaswa kuamua nani ale, na hakuna mtu mwenye kidonda anayepaswa kuwekwa ana kwa ana na aliyemtia kidonda kisha akaambiwa acheke. Kanuni uiseme mbele ya wote kabla jiko halijawashwa, asionekane yeye ndiye aliyewekewa: aliyepanga mstari anakula. Na kabla hajavaa aproni, aingie ukumbini apige kura yake. Hilo usilifanye ombi.

Na akikataa kupika? Basi Des apike, mle mkaa, na Jumapili inayofuata wewe ndiye uende kwake na sahani. Na inayofuata. Hiyo ndiyo kazi yako, usinitafutie nyingine.

Gwenda

*

Nilidhani mambo yamekwisha hapo, lakini baada ya uchaguzi Narelle aliniandikia tena, na sehemu hii nawapa kama alivyoiandika:

"Nilimkuta kwenye banda la kuku kweli, anapigilia mlango. Nikasema lile neno, nikaishia pale uliponionya niishie, na ilikuwa kazi. Aliendelea kupigilia. Nikasimama. Baadaye akasema, 'Shika hapa.' Nikashika ubao.

"'Ulinitukana,' akasema.

"'Ndiyo, Baba.'

"'Mbele ya Mick na wenzangu wote wa kiwandani.'

"'Ndiyo.'

"Akapiga misumari mingine. 'Na mimi nilimnyima mtu chakula. Bibi yako angekuwa hai angenichapa na mwiko.'

"'Angekuchapa.'

"'Lakini yule mwanamke, Narelle.'

"'Najua, Baba.'

"'Hujui. Wewe bado una watoto wako nyumbani.'

"Tulimaliza mlango. Nilipomwambia mpango wako wa mpishi na mgawaji akaguna, akasema ni mpango wa mtu aliyewahi kuishi na mume mkaidi, nikamwambia nitakufikishia.

"Siku ya kura alikuwa mtu wa kwanza kuingia ukumbini, kabla hata Trudi hajafunua keki. Akatoka, akavaa aproni, akaugeuzia mstari mgongo, akaanza kuwatania watu bila kuwaona, anawatambua kwa sauti. Wazee wa kiwandani walikuja wote, wakala wakarudia.

"Saa za mchana Mheshimiwa akaja. Safari hii hakuwa mgombea, maana yeye ni wa bunge la taifa, alikuwa anamsaidia mwenzake wa chama kugawa vijikaratasi langoni, mvua imemlowesha. Akapanga mstari. Mimi ndiye niliyekuwa mezani. Baba alikuwa amemsikia akisalimiana na watu.

"'Ni yeye?' akaniuliza bila kugeuka.

"'Ndiye.'

"Akaokota moja kutoka nyuma ya bamba, akanipa. 'Mpe hii, imeiva. Hizo za mbele bado. Na mwambie sijamsamehe.'

"Ilibidi nimwambie, ingawa Mheshimiwa mwenyewe alikuwa ameshasikia kila neno. Yule mama akaipokea kwa mikono miwili. Akasema, si kwangu, akasema juu ya bega langu, 'Mzee wangu, siku ile ya kiwanda nilipaswa kuja. Poleni.'

"Baba akageuza nyama. Akageuza na zile ambazo hazikuhitaji kugeuzwa. Halafu akasema, 'Kula, itapoa,' na mtu aliyefuata kwenye mstari akauliza kama vitunguu vimebaki."

*

Wengine wengi mmeniandikia mwaka huu kuhusu baba, shemeji na majirani ambao hamsemezani tangu kura zihesabiwe. Siwezi kuwajibu mmoja mmoja, na sina haja, kwa sababu barua zenu zote zinaniuliza nani alikuwa na haki. Pengine ni wewe. Vaa viatu, nenda kwake kabla giza halijaingia, na ukifika mlangoni usianze na hilo.